Jogoo wa Strasbourg na Mlo Mmoja wa Moto

Jumatano, 8 Mei

Tumefika Strasbourg. Mimi, mume wangu Thibaut, binti yetu Lison mwenye miaka miwili na ushee, kigari chake, mfuko wa nepi, mfuko wa akiba wa mfuko wa nepi, na wifi yangu Capucine. Huyu hakualikwa. Alitajiwa tu kwamba kuna safari, na kwake kutajiwa ndiko kualikwa.

Safari yenyewe ni akili yangu mimi. Leo sikukuu, kesho sikukuu, na Ijumaa kila Mfaransa mwenye busara anaiunganisha na Jumamosi. Dukani nimeomba ruhusa tangu Januari. Majira yote ya baridi nimepiga magoti nikivisha watu viatu huku nikiwaza wiki hii.

Lengo naliandika hapa nisije nikalikana: kula mlo mmoja wa moto. Mmoja tu! Nimekaa kitini, kwa uma na kisu, tangu tonge la kwanza hadi la mwisho, Jumamosi, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Tangu Lison azaliwe sijala kitu kinachotoa mvuke. Namkatia, nampulizia, naokota uma wake chini ya meza, na nikiinuka supu yangu imeshaota ngozi. Mama yangu mpaka leo hula amesimama karibu na jiko. Zamani nilidhani ni tabia yake. Sasa najua ni ugonjwa wa kurithi, na dalili ninazo.

Na kanisa kuu pia nataka kuliona. Ni aibu kufika Strasbourg ukarudi umeona nepi tu.

Capucine aliposikia haya ndani ya treni alicheka mpaka behewa zima likageuka. Yeye hana mtoto. Ana sanduku la magurudumu linalomfuata kama mbwa mwenye adabu. Kaenda Vienna, kaenda Sevilla, na hakuna jengo wala sahani iliyosalimika na picha zake. Akaniambia, "Wifi, mwenye mtoto mdogo huchagua: kanisa au meza. Mshika mbili moja humponyoka." Nikamjibu kwamba nitashika zote mbili, na mtoto begani. Thibaut akasema, "Sawa." Ndivyo alivyo. Hata nyumba ikiungua atasema sawa, kisha atauliza soksi zake ziko wapi.

Watanitambua! Mpango wa kwanza uko tayari. Ni rahisi kiasi kwamba nashangaa hakuna mama mwingine aliyewahi kuufikiria.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango: kumchosha mtoto kabla ya chakula. Mnara wa kanisa una ngazi za kuzunguka, ukizitazama tu kizunguzungu kinakushika. Lison azipande kwa miguu yake mwenyewe, achoke, alale kwenye kigari, mimi nile. Nani angepinga?

Lison alipinga. Alipanda ngazi chache kwa heshima zote, akageuka, akainua mikono, akasema, "Mama, beba." Halikuwa ombi. Nyuma yetu foleni ya wazee wenye viatu vya kupandia milima, na ngazi zenyewe nyembamba, hakuna kurudi. Nikabeba. Nimeupanda mnara wa kanisa kuu la Strasbourg na mtoto mgongoni, naye akiniimbia wimbo wa bata na kunipiga visigino mbavuni kila nilipopunguza mwendo.

Juu kabisa Capucine akaanza kueleza kwa nini mawe ya kanisa hili yana rangi ya waridi. Yanatoka milimani Vosges, nadhani ndivyo alivyosema. Kila kitu mbele yangu kilikuwa na rangi ya waridi wakati ule, hata yeye. Thibaut akaniuliza kama nauona uzuri wa mji. Nikamwambia nausikia, kwenye magoti.

Kisha mgahawani. Kabichi chachu, soseji, nyama ya kukaushwa kwa moshi. Na mvuke! Niliuona kwa macho haya. Nakumbuka nilisema ngoja nipumzishe macho kidogo.

Nilipoyafumbua, sahani ya Thibaut ilikuwa tupu, yangu imebaki nusu, na mafuta ya soseji yameganda meupe kama mshumaa. Shavu langu lilikuwa ndani ya kikapu cha mkate. Lison, mzima wa afya, hajasinzia hata nukta, alikuwa anawagawia majirani wa meza ya pili kabichi yangu kwa mkono. Thibaut anasema hakuniamsha kwa huruma. Na ile nusu iliyokosekana aliila kwa huruma vilevile, isiharibike. Capucine anasema nilikoroma kwa sauti ya kinanda cha kanisa. Amepiga picha.

Mpango haukuwa na kosa. Ila alichoka asiyepangiwa. Kesho hachoshwi mtu.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango: kumfurahisha. Ndani ya kanisa kuna saa moja kubwa kama nyumba, na kila saa sita na nusu mchana mitume hupita mmoja mmoja mbele ya Bwana Yesu, na jogoo aliye juu hupiga mbawa na kuwika. Thibaut akanikumbusha kwamba hata kwetu Besançon tuna saa ya namna hii kanisani, na sijawahi kukanyaga kwenda kuiona. Nikamwambia ya nyumbani haihesabiki. Huwezi kusema umesafiri na huku umelala kitandani kwako.

Hesabu yangu: Lison amwone jogoo, moyo umjae, tukakae mezani yeye akimuwaza jogoo na mimi nikila. Capucine akasema yeye saa alishaziona za Praha na zinamtosha, anatangulia mgahawani kutushikia meza.

Jogoo akawika. Lison akaganda, mdomo wazi. Najua nilipaswa kuwatazama mitume, watu waliwachonga kwa miaka, lakini mimi nilimtazama yeye. Uso wake ulikuwa kama umewashiwa taa kwa ndani. Nikasema moyoni, hata nisipokula leo, haya yanatosha.

Mungu huwa anasikiliza maneno ya kipuuzi.

Lison akasema, "Tena." Nikamweleza kwamba jogoo amechoka, amelala hadi kesho. Akasema, "Mwamshe." Nikasema haamshwi. Akalala sakafuni, akakumbatia nguzo. Kanisa lile lina mwangwi mzuri ajabu, waashi wa zamani walijua kazi yao. Neno "JOGOO!" lilipanda hadi darini, likazunguka madirisha ya rangi, likashuka likiwa kubwa kuliko lilivyopanda. Mlinzi mmoja mwenye masharubu akaja kuninong'oneza kwamba hapa ni mahali pa sala. Nikamwambia, "Kaka yangu, mimi nasali muda wote huu."

Mpaka tunambandua kwenye nguzo na kufika mgahawani, saa nane ilikuwa imeshapita. Basi tena! Ikipita saa nane katika nchi hii hakuna wa kukukaangia hata yai. Askofu mwenyewe angefika angeambiwa, "Samahani, baba, jiko limefungwa," na mpishi yuko mlangoni anavuta sigara, anamwona. Capucine alikuwa amemaliza zamani. Alituonyesha picha ya sahani yake, na mvuke ulionekana hata kwenye picha! Kisha akaongeza kwamba alipiga nyingi mno chakula kikapoa, lakini haidhuru, mwanga ulikuwa mzuri. Yaani huyu anapoza chakula kwa hiari yake mwenyewe. Nilitaka kumng'ata.

Tukala mikate ya chumvi ya kusokota, tumeketi nje ya kanisa. Lison alilamba chumvi yote, mkate akaniachia mimi.

Lakini siku haijaisha vibaya. Jioni nilitoka peke yangu kutafuta maziwa ya Lison, nikapita uchochoro mmoja, nikakuta mgahawa mdogo na mwenyewe yuko mlangoni anaandika vyakula vya kesho ubaoni. Mama mpana, aproni hadi miguuni. Jina lake Bi Odile. Aliniona nilivyousoma ule ubao akaniuliza, "Binti, umekula lini mara ya mwisho?" Nikamwambia inategemea anaita nini kula.

Akacheka, akanitajia chungu cha mwokaji. Nyama za aina tatu, viazi, vitunguu, mvinyo mweupe, vyote ndani ya chungu cha udongo, na mfuniko unazibwa pembeni kwa unga uliokandwa usitoke hata pumzi. Unaagiza siku moja kabla. Alisema wanawake wa huku zamani, siku ya kufua, hawakuwa na nafasi ya kupika. Wakienda mtoni walimwachia mwokaji vyungu vyao kwenye tanuri, na waliporudi mikono imekunjamana kwa maji, chungu kilikuwa kinawasubiri. "Hakipoi upesi hiki," akasema. "Kilibuniwa kwa watu kama wewe."

Nilisimama pale na chupa za maziwa kwapani nikijikaza nisilie. Kuna chakula kinachomsubiri mama! Watu wamenisifia minara maisha yangu yote, hakuna hata mmoja aliyenitajia chungu!

Nimeagiza. Kesho, saa saba.

Jumamosi, 11 Mei

Kilichobaki kilikuwa kumtafutia Lison mtu wa kukaa naye. Asubuhi, Capucine akiwa bafuni anajipamba, nilimnong'oneza Lison kwamba yule jogoo ni wa shangazi. Shangazi ndiye anayemlisha. Anayekwenda na shangazi ndiye anayemwona. Sikuona ubaya wowote. Ni hadithi tu, watoto wanahitaji hadithi.

Capucine alipotoka bafuni, mtoto alimrukia mguu na hakuuachia. Kwenye chai, yuko mguuni. Kwenye lifti, mguuni. Wifi yangu akadhani ni mapenzi. Uso wote ukamlegea, akasema, "Kumbe mtoto ananipenda." Nikaona haya kidogo. Kidogo sana. Akajitolea mwenyewe! Yeye ampeleke Lison kwenye saa, sisi wenye siku yetu tutangulie mezani. Nikamwambia wifi, usijisumbue. Nilimwambia mara moja tu, tena kwa sauti ya chini.

Saa saba. Meza ya dirishani, kitambaa cheupe. Thibaut amechana nywele. Akanishika mkono, akaniambia nimependeza, kisha akanitoa chembe ya biskuti begani. Bi Odile akaleta chungu, kimechorwa maua, unga wa pembeni umeiva kahawia. Akachomeka kisu, akazungusha, ukapasuka. Mvuke ukapanda ukaziba miwani ya Thibaut. Nikafumba macho kwa raha. Nikayafumbua upesi, nikikumbuka Alhamisi.

Uma ulikuwa njiani. Nasema njiani, nasikia joto lake mdomoni. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Capucine! Nywele zimetimka, Lison kabanwa kwapani kama mkate mrefu, miguu inapiga hewa, na anapaza sauti, "Shangazi mchoyo! Shangazi mchoyo!"

Jogoo aliwika vizuri tu, Capucine akaeleza alipopata pumzi. Kisha mtoto akamgeukia mbele ya umati akamwambia, "Mtoe." Akasema hawezi kumtoa. Lison akasema, "Ni wako! Mama kasema!" Watu wote wakamtazama Capucine. Bibi mmoja akamkemea asimtese mtoto, kama jogoo ni wake ampe amshike mara moja yaishe. Yule mlinzi wa masharubu alipomtambua Lison hakungoja hata kelele ya pili. Aliwafungulia mlango mwenyewe.

Capucine akanitazama. "Wifi. Mimi nina jogoo?"

Nikasema watoto wana mambo.

Thibaut akasema, "Sawa," akamvutia dada yake kiti.

Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza. Sikuituma. Niliweka uma chini, nikampakulia Lison, nikamkatia, nikampulizia. Nikampakulia Thibaut, nikamkatia viazi, mtu mzima mwenye ndevu. Nikampakulia Capucine, nikamkatia nyama yake vipande vidogo vidogo, nikavipuliza. Capucine alikuwa anaitazama sahani yake. Simu yake iko mkobani. Nilingoja kejeli, nilistahili.

Akauliza taratibu, "Noémie, wewe huwa unakula saa ngapi?"

Nikasema huwa nakula. Baadaye.

Akaichukua sahani yangu iliyokwisha kupoa, akaiweka upande wake. Akachukua nyingine, akatumbukiza upawa hadi chini kabisa ya chungu, ambako bado kulikuwa kunatokota, akanipakulia. Kisha akampakata Lison, ambaye alikuwa bado anamwita mchoyo, akaniambia, "Kula. Na usimguse mtu."

Mvuke. Wangu mimi! Nikajaza uma, nikauingiza wote kinywani.

Nikaungua. Ulimi, kaakaa, ufizi, vyote. Kinywa changu kimekaa miaka miwili bila kuona moto. Kimesahau kwamba watu hupuliza kwanza. Miaka miwili napuliza vya wenzangu, siku nilipopata changu sikukumbuka! Machozi yakanitoka. Thibaut akadhani ni furaha ya ndoa, yakamtoka na yeye. Bi Odile akaja mbio na barafu.

Niliula mlo wote. Wa moto, nimekaa, kwa uma na kisu, tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Sikuonja ladha yoyote. Capucine anasema ulikuwa mtamu sana.

Jumapili, 12 Mei

Treni ya kurudi. Ulimi wangu ni kama soli ya kiatu, na hapo nazungumza kama mtaalamu.

Bi Odile alitufungia mabaki kwenye kopo la aiskrimu. Lison amelala kwenye kiti changu, kichwa mapajani kwa Capucine, ambaye hajajikuna wala kukohoa tangu Colmar asije akamwamsha. Amemsamehe au wamesameheana, sijui. Mimi nimesimama kwenye ujia karibu na choo, nakula viazi baridi kwa vidole. Vimekunywa mvinyo usiku kucha. Nyama inavunjika yenyewe. Ubaridi unautuliza ulimi, na ladha imerudi, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

Sijawahi kula kitu kitamu hivi. Nimesimama! Nilitazama kioo cha dirisha nikamwona mama yangu, na kopo mkononi. Nikampa ishara ya kichwa, nikaendelea.

Thibaut alipita akauliza kama kuna kilichobaki. Nikamwambia hakuna. Kilikuwepo.

Jumatatu, 13 Mei

Kazini. Wenzangu wakaniuliza niliuona mnara? Niliuona. Nilikula vizuri? Nilikula cha moto. Wakashangaa kwa nini natamka maneno kama niliyetoka kung'olewa jino. Nikawaambia ni lafudhi ya Strasbourg, inaambukiza.

Jioni Capucine alikuja na zawadi ya ndoa: picha yangu ya Alhamisi, shavu kwenye kikapu cha mkate, ameitia fremu. Nimeitundika chooni. Kisha akasema jambo moja. Kwa nini tusiitumie saa ya hapa hapa Besançon? Siku moja moja yeye ampeleke Lison kuitazama, warudi polepole kwa miguu, na mimi nile nyumbani kwangu, kimya, cha moto, nikipuliza kwanza. Alilisema kwa upole kabisa, huku Lison akimvisha kofia ya mdoli.

Nikamshukuru. Ni wazo zuri, kwa mtu asiye na mipango. Ndoto ya miaka miwili haitimizwi jikoni kwangu na kandambili miguuni.

Tena nimeshakaa nikatafakari, na kosa la Strasbourg nimelipata. Si mimi. Ni jogoo! Anawika mara moja tu kwa siku, ndiyo maana mtoto alilia. Sasa Praha, Capucine mwenyewe ndiye shahidi, kuna saa ya mnarani yenye jogoo wa dhahabu, na huyo huwika kila saa inapogonga, mchana kutwa! Mtoto akisema tena, inakuwa tena. Na migahawa imeuzunguka uwanja ule ule. Matatizo yetu yamekwisha.

Tunakwenda Oktoba. Thibaut amesema sawa.

Nimeshamwambia Lison kwamba jogoo wa huko ni wa baba.